Kumpima mchezaji wa chuo kabla ya drafti ya NFL: mkanda kwanza, saa baadaye

Kwotabeki (mrusha pasi mkuu wa timu) aliyepasia tachidauni 40 (mpira kufikishwa eneo la mwisho la mpinzani) chuoni bado hajakuambia kama ataimudu hata robo moja ya mechi ya NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani. Amekuambia tu kwamba aliwashinda vijana wengi ambao hawatacheza futiboli tena wakishahitimu. Vyuo hucheza Jumamosi, NFL hucheza Jumapili, na kazi yote ya skauti (mpima vipaji wa timu) iko katikati ya siku hizo mbili: kutenganisha kile ambacho mchezaji atakibeba kwenda Jumapili na kile kitakachobaki chuoni na jezi yake ya zamani. Hatua zote zilizo hapa chini zinatumikia swali hilo moja.

Kwa asiyeizoea, drafti hii si ile ya vizibo vya soda barazani. Mwishoni mwa Aprili kila mwaka, timu 32 za NFL huchagua wachezaji kwa zamu katika raundi 7, na iliyofanya vibaya msimu uliopita ndiyo hutangulia. Wanaochaguliwa ni 250 na ushei. Mchezaji anaruhusiwa kuingia ikiwa imepita miaka 3 tangu amalize sekondari. Mkataba wake ni wa miaka 4, na kwa wale wa raundi ya kwanza timu ina hiari ya kuongeza wa tano. Ukikosea, basi, unakaa na kosa lako miaka 4.

Anza na sheria, takwimu zitafuata

Wengi hukimbilia takwimu. Kabla ya kusoma namba yoyote ya chuoni, zijue tofauti 5 za sheria, maana ndizo zinazozipaka namba rangi.

Ya kwanza ni ile mistari midogo ya katikati ya uwanja, ambako mpira huwekwa kabla ya kila jaribio, yaani kila mchezo mmoja tangu mpira uanzishwe hadi usimame. Upana wa uwanja ni ule ule, futi 160, lakini chuoni mistari hiyo imeachana kwa futi 40, na NFL kwa futi 18 na inchi 6 tu. Maana yake, chuoni mpira unaweza kuanzia karibu zaidi na ukingo mmoja, upande wa pili ukabaki mbuga tupu. Timu nyingi za vyuo zinaishi kwa mbuga hiyo: mpokeaji anapewa nafasi ambayo NFL hataiona. Kwa hiyo kila unapoandika pasi ya kwotabeki, andika pia mpira ulikuwa mstari upi. Pasi ya yadi 12 kwenda ukingoni kutoka mstari wa karibu ni pasi fupi, hata bibi anaifikisha. Pasi hiyo hiyo ikitoka mstari wa kushoto kwenda ukingo wa kulia inasafiri angani mbali zaidi, na hapo ndipo mkono unapopimwa. Ukizichanganya kwenye safu moja umepoteza kipimo.

Ya pili: chuoni wazuiaji (wanaomkinga kwotabeki) wanaruhusiwa kusogea mbele yadi 3 hata kama pasi inarushwa, NFL ni yadi 1. Hapo ndipo ilipozaliwa ile hila ya kumfanya lainbeka (mlinzi wa safu ya kati) aamini kwamba ni mbio, yaani mpira utakimbizwa, kisha mpira unarushwa nyuma ya mgongo wake. Lainbeka anaona wazuiaji wanamjia, anaingia mbele, na kwotabeki anampasia mtu aliyesimama peke yake. NFL ina hila hiyo pia, ila mlango wake ni mwembamba zaidi. Zihesabu pasi hizi kando. Kwotabeki mwenye asilimia 70 za usahihi anaweza kushuka hadi 58 ukishaziondoa pamoja na zile zinazorushwa nyuma ya mstari wa kuanzia.

Ya tatu, mguu mmoja ndani ya uwanja unatosha kuhesabiwa umedaka chuoni. NFL wanataka miwili. Mipira yote aliyodakia ukingoni irudishe nyuma, uhesabu miguu.

Ya nne inahusu wakabaji. NFL haimruhusu mkabaji kumgusa mpokeaji akishapita yadi 5, chuoni hakuna kikomo hicho. Na chuoni adhabu ya kumvuruga mpokeaji haizidi yadi 15, ilhali NFL mpira unapelekwa pale pale kosa lilipotokea, hata kama ni yadi 45 mbele. Ndiyo maana mkabaji wa chuo aliyezidiwa mbio hushika jezi bila aibu: kwa hesabu za kocha wake, yadi 15 ni bei nafuu. Andika kila mguso wa baada ya yadi 5, uwe umeadhibiwa au la.

Ya tano ni ya vitabu vya hesabu. Chuoni, yadi zinazopotea kwotabeki akiangushwa na mpira mkononi hutolewa kwenye yadi zake za mbio. Aliyekimbia mara 10 akapata yadi 70, kisha akaangushwa mara 4 na kupoteza 30, utamkuta ameandikwa mbio 14, yadi 40. Usimwite mzito wa miguu kabla ya kuitengua hesabu hiyo.

Mikanda ipi, na kuitazama vipi

Mechi 4 ndiyo chini kabisa. Kwa mtu unayemfikiria raundi ya kwanza tazama 6. Chagua kwa makusudi: dhidi ya mpinzani bora aliyekutana naye, mechi ambayo namba zake ni mbaya kuliko zote, moja ya ugenini, moja ya kawaida ya katikati ya msimu, na moja ya mwaka uliotangulia. Hiyo ya mwaka uliotangulia wengi huiruka, nayo ndiyo inakuonyesha kama mtu anapanda au amesimama. Kwotabeki Joe Burrow alipasia tachidauni 16 akiwa chuo cha LSU mwaka 2018 na 60 mwaka 2019, ukilinganisha mikanda ya miaka hiyo miwili unapata swali la kujibu (nini kilibadilika: yeye, mfumo, au wenzake?), na swali hilo lina thamani kuliko namba 60 yenyewe. Kwa wazuiaji usichague mechi kwa jina la timu, chagua kwa jina la mvamizi (mlinzi anayemkimbilia kwotabeki) aliyesimama mbele yake.

Vipande vya kusisimua vya mtandaoni viache mwisho kabisa. Vinakuonyesha kila kitu isipokuwa majaribio 55 yaliyobaki.

Kamera nayo ina mipaka. Picha za runinga zinatosha kumpima mzuiaji, mvamizi na mkimbiaji. Hazitoshi kwa mlinzi wa nyuma, ambaye muda mwingi hayumo kwenye picha, wala kwa mpokeaji anayetoka nje ya fremu baada ya sekunde 1. Timu zina picha ya juu inayoonyesha wachezaji wote 22, pamoja na ile ya nyuma ya goli. Usipoipata, andika wazi kwenye karatasi "sijaona kina", usijaze pengo kwa kukisia.

Kila jaribio litazame mara 3. Mara ya kwanza macho kwenye miguu na mikono yake tu. Mara ya pili, nani alikuwa mbele yake na walinzi walijipangaje. Matokeo yawe ya mwisho, kwa sababu matokeo ni mwongo mzuri: mpokeaji anaweza kuokoa pasi mbovu, na pasi safi inaweza kumpita mtu kwenye vidole. Simamisha picha kabla mpira haujaanzishwa, useme mwenyewe unatarajia nini, kisha uachie.

Karatasi iwe na safu hizi: robo na dakika, jaribio la ngapi (timu ina manne ya kusogeza yadi 10) na yadi zilizobaki, mpira upo mstari upi, walinzi walivyojipanga, alichofanya, na alama moja kati ya tatu: jumlisha, sifuri, toa. Safu 60 hivi kwa mechi. Usiweke alama za moja hadi kumi kwa kila jaribio. Baada ya saa mbili mkono wako utakuwa unaandika 6 kila mahali.

Tuchukue jaribio moja la mfano. Robo ya tatu, jaribio la tatu, yadi 7 zimebaki, mpira mstari wa kushoto. Walinzi wa nyuma wawili wamesimama juu, yadi 12 kutoka mstari wa kuanzia. Mpira unapoanzishwa, wa kulia anashuka mbio katikati na mwenzake anahamia katikati ya kina. Kilichokuwa ngome ya watu wawili kimekuwa ya mtu mmoja. Sasa mtazame kwotabeki, shingo hadi nyayo. Je, macho yalimfuata yule aliyeshuka, au yaliganda kwa mpokeaji aliyemchagua tangu wakiwa wamejikusanya? Mguu wake wa nyuma ulipotua hatua ya tano, ulitulia au uliruka-ruka? Kifua kiliposogezwa na mvamizi wa kulia, alipanda mbele hatua moja ndani ya kizimba cha wazuiaji wake, au aligeuza mgongo akakimbilia pembeni? Akipanda mbele, akatoa mpira kwenda ukingo wa kulia kabla mpokeaji hajageuka, hiyo ni jumlisha hata kama mpira umedondoka. Akigeuza mgongo, akazunguka sekunde 6 na kupata tachidauni, uwanja utalipuka, nawe andika sifuri.

Kwotabeki

Hakuna nafasi inayodanganya kama hii. Mwaka 2017 Mitchell Trubisky, aliyekuwa ameanza mechi 13 tu North Carolina, alichaguliwa wa 2. Patrick Mahomes wa Texas Tech akasubiri hadi wa 10. Mwaka 2000 Tom Brady, aliyekimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28, alichukuliwa wa 199. Brock Purdy wa Iowa State, aliyeshika nafasi yake tangu mwaka wa kwanza wa chuo, ndiye aliyefunga drafti ya 2022, wa 262. Hayo yasikukatishe tamaa. Yakufundishe kuhesabu mechi alizoanza kabla ya kuhesabu kitu kingine chochote: mechi 13 hazitoshi kuonyesha mtu anafanya nini walinzi wakishamsoma.

Vitu vya kupima, kwa mpangilio wa uzito. Kwanza, mpira unafika wapi mwilini mwa mpokeaji. "Umefika" haitoshi: pasi iliyomfikia nyuma ya nyonga ikamlazimu asimame imemwibia yadi 8 za kukimbia. Pili, anafanya nini akibanwa. Chukua mara alizobanwa, ugawe mara alizoangushwa kwa hizo. Ikizidi asilimia 20, weka alama nyekundu. Tabia hii husafiri na mtu kuliko nyingi, kwa kuwa kuangushwa ni lawama ya kwotabeki mwenyewe zaidi ya watu wanavyodhani: anashikilia mpira. Tatu, macho yake yanapita kwa wapokeaji wangapi kabla ya kurusha. Katika mifumo mingi ya vyuo anatazama mmoja, kisha anageukia benchi kupata ishara mpya. Hilo si kosa lake, ila ni kazi ambayo hujamwona akiifanya, na uiandike hivyo.

Nguvu za mkono huja nyuma ya hayo yote. Josh Allen alitoka Wyoming na usahihi wa asilimia 56.2, akachaguliwa wa 7 mwaka 2018 kwa ajili ya mkono na mwili, na timu ya Buffalo ikamnyoosha. Yeye ndiye jibu la kila anayetetea kwotabeki asiye na shabaha. Jibu hilo limewagharimu wengi, kwani kwa kila Allen wapo kadhaa waliokuja na mkono kama huo na shabaha ikabaki ile ile.

Shubiri nayo hupimwa, toka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Inchi 9 ndiyo mstari ambao wengi hupenda. Kenny Pickett alipimwa inchi 8.5 mwaka 2022, watu wakabishana wiki nzima, Pittsburgh wakamchukua wa 20 vilevile. Njia ya busara ni kuhesabu mara ngapi mpira ulimponyoka chuoni, hasa mvua ikinyesha. Rula inauliza swali, mkanda ndio unaojibu.

Mvamizi wa pembeni na mzuiaji anayemkabili

Wapime pamoja, kwa kuwa kila jaribio ni shauri kati ya watu wawili.

Kwa mvamizi, ganda picha pale mpira unapotikisika. Nani ametikisika naye wakati huo huo, na nani amechelewa nusu hatua? Hesabu hatua: ya tatu inapotua, nyonga yake iwe imelingana na nyonga ya mzuiaji. Hapo mtazame anavyopinda. Bega linashuka chini ya kwapa la mzuiaji huku vidole vya miguu vikiwa tayari vimeelekea kwa kwotabeki, kama pikipiki inayolala kwenye kona. Asiyeweza kupinda huishia kukimbia duara kubwa nyuma ya mchezo, na mzuiaji wa NFL atamsindikiza huko kwa furaha. Kisha tafuta mbinu yake ya pili. Wengi chuoni wana moja tu, na inatosha kwa sababu mzuiaji wa mbele yake ni dhaifu. Wiki ya kwanza ya NFL inakufa.

Idadi ya mara alizomwangusha kwotabeki igawe mafungu manne: alimshinda mtu wake ndani ya sekunde 2.5, hakuzuiwa na mtu, kwotabeki alikaa na mpira sekunde 4 na zaidi, kwotabeki alimkimbilia mwenyewe. Fungu la kwanza ndilo la kwake. Mwenye 12 anaweza kubaki na 4, na mwenye 6 akabaki na 5. Mchukue wa pili.

Kwa mzuiaji wa pembeni, kosa la kawaida la watazamaji ni kuhesabu alimwachia mvamizi mara ngapi na kuishia hapo. Vyuo vingi vinatoa mpira haraka mno kiasi kwamba hakupimwa. Hesabu kando yale majaribio ambayo alirudi nyuma kuzuia bila msaada, bila hila ya mbio, na mpira ukakaa zaidi ya sekunde 2.5. Ukikuta ni 8 tu kwa mechi, mikanda 4 haitoshi. Ndani ya hayo 8, tazama mikono inatua kifuani au inakumbatia mabega, na kichwa: kikitangulia mbele ya magoti, mvamizi atamvuta aanguke kifudifudi.

Urefu wa mkono, toka fundo la bega hadi ncha ya kidole cha kati, una uzito hapa kuliko kwingine kote, maana anayemgusa mwenzake kwanza ndiye anayeongoza. Inchi 34 inaondoa maswali, chini ya 33 yanaanza. Will Campbell wa LSU alipimwa inchi 32 na tano ya nane kwenye kombaini (vipimo vya kabla ya drafti) Indianapolis mwaka 2025, siku ya maonyesho ya chuo chake akapimwa 33, na New England wakamchukua wa 4. Aaron Donald alikuwa na mkono kama huo wa kwanza, inchi 32 na tano ya nane, akaangukia nafasi ya 13 mwaka 2014, kisha akatwaa tuzo ya mlinzi bora wa mwaka mara 3. Alikuwa mvamizi wa kati, ambako hatua ya kwanza hufidia mkono. Kipimo kimoja, nafasi mbili, maana mbili.

Waliobaki

Mpokeaji aliyebanwa tangu mstari wa kuanzia, anatokaje? Chuoni wengi wamezoea kukabwa kwa mbali, yadi 7 nyuma; tafuta kwa tochi yale majaribio 10 aliyobanwa, na ndiyo umpime. Uwe na shaka na anayesifiwa kwa kudaka mipira ya kugombania, kwani mara nyingi anagombania kwa sababu hajiachanishi na mkabaji. Cooper Kupp alitoka chuo kidogo, Eastern Washington, akakimbia sekunde 4.62, akachukuliwa wa 69 mwaka 2017. Mwaka 2021 aliongoza ligi nzima kwa mipira aliyodaka, yadi na tachidauni. Alijiachanisha kwa pembe za njia zake, na hizo zilionekana kwenye mkanda kwa yeyote aliyetaka kuziona.

Mkabaji wa pembeni mtazame nyonga: mpokeaji akivunja njia, yeye anageuka kwa hatua moja au tatu? Mlinzi wa nyuma na lainbeka, hesabu mara walizomkosa mtu wa kuangusha na pembe waliyoijia. Anayekosa kwa kuwahi mno anafundishika, anayekosa kwa kuchelewa mara nyingi hasomi mchezo. Mkimbiaji, yadi baada ya kuguswa kwanza, kisha anazuiaje kwotabeki anapovamiwa. Mgeni asiyejua kuzuia ataketi benchi jaribio la tatu, hata awe na miguu ya swala.

Saa na rula

Kombaini ya NFL iko Indianapolis tangu 1987, na wachezaji 300 na ushei hualikwa. Kinachotazamwa na watu ni mbio za yadi 40, kuruka juu, kuruka mbele, kukimbia kwa kugeuka, na kunyanyua chuma cha pauni 225, yaani kilo 102, mara nyingi iwezekanavyo. Kinachowapeleka madaktari wa timu huko ni vipimo vya afya, na matokeo hayo hayatangazwi.

Soma saa kwa nafasi. Mzuiaji karibu hakimbii yadi 40 moja kwa moja maisha yake yote uwanjani. Kwake tazama sekunde za yadi 10 za mwanzo. Kwa mkimbiaji, uzito na kasi viende pamoja: zidisha uzito wake wa pauni kwa 200, ugawe kwa sekunde zake za yadi 40 katika kipeo cha nne. Wa pauni 215 aliyekimbia 4.45 anapata kama 110. Wa pauni 195 kwa muda ule ule anapata 99.5, na 100 ndiyo wastani. Sekunde zile zile, watu wawili tofauti.

Muda wa siku ya maonyesho chuoni usiuweke safu moja na wa Indianapolis. Kule chuoni saa za mkononi ndizo zinazotawala, na dole gumba la skauti lina huruma.

Tumia saa kuthibitisha au kuhoji mkanda, basi. Namba ikigombana na ulichokiona, rudi utazame mechi mbili zaidi ukiwa na swali hilo. John Ross alikimbia 4.22 mwaka 2017 akachukuliwa wa 9, majeraha na mipira iliyomponyoka vikamaliza habari. Mike Mamula alijiandaa kwa ajili ya vipimo vyenyewe, akapanda hadi wa 7 mwaka 1995, na hakuwahi kuwa mchezaji wa nafasi hiyo.

Umri na mwili

Linganisha kwa tarehe ya kuzaliwa, usitumie mwaka wa masomo. Msimu wa 2020 wa janga la korona uliwapa wachezaji mwaka wa ziada, na uhamisho kati ya vyuo umekuwa rahisi, hivyo unaweza kumkuta mtu wa miaka 24 akimzidi nguvu kijana wa 19. Aliyetawala akiwa na 20 ana nafasi ya kukua; wa 24 mara nyingi unamnunua alivyo. Aliyepita vyuo vitatu, tazama mkanda wa kila kimoja.

Kuhusu majeraha, aliye nje ya timu ana njia moja ya haki: andika mechi alizokosa, kiungo kilichoumia, na kama kiungo kile kile kilirudi. Usijifanye daktari. Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa, alikimbia yadi 313 dhidi ya Ohio State mwaka 1995 akiwa Michigan, akachaguliwa wa 8 na Carolina mwaka uliofuata. Kipaji hakikuwa na ubishi, majeraha ndiyo yaliyomwandama.

Kuna pia wale wasio na mkanda kabisa. Jordan Mailata alitoka raga ya Australia, Philadelphia wakamchukua wa 233 mwaka 2018, akawa mzuiaji wao wa kushoto. Daniel Adongo wa Kenya, naye wa raga, alisajiliwa na Indianapolis mwaka 2013 bila kupita drafti, akacheza mechi chache tu. Kwa watu kama hawa unapima mwili na wepesi wa kujifunza, na bei iwe ya raundi ya mwisho.

Kuandika ripoti na kupanga orodha

Mstari wa kwanza uwe wa vipimo. Maskauti huandika urefu kwa tarakimu nne: 6024 ni futi 6, inchi 2, na sehemu 4 za nane. Fuata uzito, mkono, shubiri, tarehe ya kuzaliwa, mechi alizoanza, na mechi ulizotazama wewe. Kisha nguvu 3 na udhaifu 3, kila kimoja kikiwa na ushahidi wa robo na dakika. Andika "anafanya", epuka "anaweza kufanya". Ukijikuta huna budi kuandika "anaweza", hujakiona. Malizia na kazi yake mwaka wa 1 na mwaka wa 3, na mfumo utakaomfaa.

Kwenye orodha, panga kwa matabaka. Jedwali la zamani la kocha Jimmy Johnson, la timu kubadilishana nafasi za drafti, linaipa nafasi ya 1 pointi 3000, ya 16 pointi 1000, ya 32 pointi 590, ya 100 pointi 100. Mteremko huo unakuambia wapi pa kutumia muda: kubishana nani wa 3 na nani wa 5 kuna maana, kubishana nani wa 88 na nani wa 95 ni kupoteza usiku. Ndani ya tabaka moja, kwotabeki, mzuiaji wa pembeni, mvamizi, mpokeaji na mkabaji watangulie. Mkimbiaji, mlinzi wa nyuma na mzuiaji wa ndani wafuate, kwa sababu hao hupatikana raundi za chini kwa urahisi zaidi.

Kabla ya kufunga orodha, rudi kwa wale 10 uliowatazama mwanzo kabisa, Septemba na Oktoba. Uliwapima kwa jicho ambalo halijaona wengine 150, na kwa kawaida utakuta umewapendelea au umewaonea. Mechi mbili mpya kwa kila mmoja, karatasi safi, na ile ya zamani usiifungue mpaka umalize.